Mdogo Wangu, Mkono wa Gauni Usikulize

Mdogo wangu wa Mandewa, sogea karibu tuzungumze. Najua kuna mfuko umeusukuma chini ya kitanda, na ndani yake kuna gauni la kitenge. Kifua kimeshaungana na sketi, mkono mmoja umeshonwa, wa pili umebaki kwenye pini. Mama akikuuliza limefikia wapi, unamjibu "linaendelea". Haliendelei, mdogo wangu. Dada anakaribia kuagwa, sare ya familia ndiyo hiyo, na ua lenyewe pale dukani limekwisha. Ndiyo maana usiku hulali.

Kwanza futa machozi. Hujalogwa wala mikono yako si mizito. Mkono wa kupachika umewatoa jasho wengi, hata hao mafundi unaowaona barazani wanashona huku wanapiga soga. Kinachoniuma mimi ni huko kulificha. Mficha uchi hazai. Gauni lililolala kwenye mfuko halijirekebishi, na wewe kila siku unaliogopa zaidi, mpaka mwisho unaanza kusema kushona si kwako. Nani kakuambia? Litoe, litandaze kitandani mchana kweupe, tulitazame pamoja.

Mara nyingi mkono ndipo kosa linapojitokeza tu, lakini liliingia mapema. Niambie ukweli: kitenge ulikifua kabla ya kukata? Kikitoka dukani kinakuja na wanga, kimesimama vizuri, kinakudanganya. Ni pamba, kikipigwa maji mara ya kwanza kinarudi. Kifue, kianike, na kwa upepo huu wa Singida kitakauka kabla hujamaliza kuosha vyombo. Kipige pasi, ndipo ushike mkasi. Halafu vipimo. Ulijipima mwenyewe mbele ya kioo, sivyo? Kiuno utakipata, nyonga utaipata, lakini mgongo hakuna mtu anayejipima. Mwite mdogo wako au jirani akupime kutoka kwapa hadi kwapa kwa nyuma, huku mikono umeinyoosha mbele kama unayesukuma mlango. Gauni likikosa upana pale mgongoni, utalilaumu kwapa bure.

Sasa tuje kwenye lile la mikono miwili ya upande mmoja. Usione haya, ni kosa la kila nyumba yenye cherehani. Mkono una mbele na nyuma: upande wa mbele umechimbwa zaidi, wa nyuma umejaa kidogo. Ukikata mmoja, kisha ukakata wa pili bila kugeuza, umepata mikono miwili ya kushoto. Ukiivaa, wa kulia unakuvuta nyuma, huwezi hata kumkumbatia bibi harusi. Kitenge chenye rangi iliyopenya pande zote mbili kinachanganya zaidi maana hujui uso ni upi, ila hicho hicho ndicho kitakachokuokoa. Fumua, geuza mkono nje ndani, na wa kushoto unakuwa wa kulia, hakuna atakayejua. Kama upande wa nyuma umepauka, hapo hakuna ujanja, tafuta mabaki ukate mwingine. Safari nyingine kunja kitambaa mara mbili ukate yote kwa pamoja, na kabla hujaondoa karatasi andika kwa chaki: mbele, nyuma, kulia, kushoto. Usiiamini kumbukumbu, saa nne za usiku haikumbuki kitu.

Na hapa ndipo nitakugombeza. Mkono ulipokubana, ulichukua mkasi ukachimba kwapa. Bado ukabana, ukachimba tena. Bandubandu huisha gogo, mdogo wangu! Kwapa likishuka sana, ukiinua mkono gauni zima linapanda nalo, na siku hiyo utacheza muziki mikono imeshikana na mbavu. Kitu cha kukata pale ni ile akiba ya mshono tu, vitobo vidogo vya mkasi kwenye mviringo, visiufikie uzi. Vinaulegeza. Ukiona umeshachimba kupita kiasi, weka chini mkasi. Chukua kipande kidogo cha pembe nne ukishonee chini ya mkono, ni kikwapa kile kile ambacho mafundi wa kanzu hukiweka. Ua likikaa vizuri watadhani ulikusudia.

Kichwa cha mkono nacho kina siri yake. Kikipimwa kwa kuzunguka, kinakuwa kirefu kuliko tundu lake kwa sentimita 2 au 3. Wewe ulipoona kimezidi ulifikiri umekosea, ukapunguza, bega likakosa pa kukaa. Ile ziada ni haki ya bega. Piga bandi mbili kwa mkono, hatua ndefu, kuanzia alama ya mbele mpaka ya nyuma, kule chini kwapani usiguse. Vuta nyuzi taratibu, sambaza kwa vidole mpaka mikunjo ipotee. Tia pini kuanzia juu begani ukishuka pande zote mbili, usianzie kwapani. Ukipeleka kwenye cherehani, mkono ukae chini, mwili wa gauni juu, meno ya cherehani yatakusaidia kuimeza ile ziada. Nenda polepole. Kitenge hakinyumbuliki, kwa hiyo ikizidi sentimita 4 kitakutolea vijikunjo utake usitake. Hapo punguza kichwa kidogo, au amua kabisa kuweka marinda begani ujitangaze.

Na ukiona mshono umekwenda upande, fumua pale pale. Usiseme utaufunika kwa upapi, usiseme utaukaza kwa pasi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe utaujenga asubuhi ya sherehe, watu wameshapanda gari.

Kuna mambo mawili ya nyumbani kwetu lazima niyaseme. Cherehani ikilia, usiitie mafuta ya alizeti. Najua ndiyo yaliyopo, Singida kila jiko lina dumu lake. Lakini mafuta ya alizeti yakikaa kwenye chuma yanaganda yanakuwa gundi, na vumbi la hapa likishika juu yake mashine inakwama kabisa. Nunua kichupa cha mafuta ya cherehani, bei yake si ya kukopa, kisha shonea kwanza kwenye kitambaa kibovu mpaka yanayochuruzika yaishe. La pili, pasi ya mkaa usiipigie mlangoni penye upepo. Cheche moja kifuani, na ua ndiyo hivyo limekwisha dukani.

Kabla ya gauni lijalo, jaribu kifua na mkono kwenye khanga iliyochakaa. Iliyochakaa, nimesema. Zile khanga za Urafiki za bibi, za kiwanda kilichofunguliwa Ubungo mwaka 1968, hizo ziache kwenye sanduku lake, asije akaugua bure.

Ukijaribu ukashindwa, nenda kwa fundi. Kuuliza si ujinga. Ila usimpelekee fumbo: fumua mkono wote, ng'oa nyuzi, piga pasi, upeleke kazi safi. Mafundi wengi hawapendi kushika kazi iliyoanzwa na mwingine, na hawana makosa, maana ikiharibika lawama ni yao. Mwambie akupachikie mkono mmoja, wewe ukae pembeni utazame vidole vyake. Mlipe bila kulialia, umenunua na somo. Ukiona moyo umependa, VETA wana chuo hapa Singida, kaulize habari za kozi fupi za ushonaji.

Maneno ya watu yatakuwepo. Atatokea shangazi wa kuuliza nani kashona hilo, huku anapekua pindo. Mwambie "nimeshona mimi, shangazi", halafu nyamaza. Usianze kumwonyesha pale palipokosewa. Watoto wa kike mna tabia hiyo, mtu anawasifia nanyi mnamshika mkono kumpeleka kwenye kasoro. Yeye hakuiona, wewe unamtafutia ya nini?

Leo basi, lete mfuko. Anza na mkono uliobaki kwenye pini, mchana, ukiwa umeshakula. Zipu ya nyuma iache kwanza, hiyo tutakaa nayo wiki ijayo, nimeiona inavyopinda.