Kusafisha Mboji kwa Mvuke Bila Kuhatarisha Maisha

Mkaazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe anayeotesha nyanya au sukuma wiki kwenye makopo huijua hasara hii: miche huchomoza vizuri, kisha shina huoza karibu na udongo na mche hulala. Mara nyingi chanzo ni kuvu walio kwenye mboji.

Dawa ni joto. Mboji ikikaa kwenye nyuzi 80 za Selsiasi kwa dakika 30, kuvu hao, minyoo wa mizizi na mbegu nyingi za magugu hufa.

Usizike koili ya birika bovu la umeme ndani ya mboji. Koili hiyo imeundwa kukaa ndani ya maji. Nje ya maji huungua na inaweza kuwasha moto. Isitoshe, mboji yenye unyevu hupitisha umeme, na volti 240 huua.

Badala yake:

1. Tia maji kidogo kwenye sufuria kuukuu na upange mawe matatu yanayozidi kimo cha maji.
2. Juu yake weka kopo lenye matundu, lililojaa mboji yenye unyevu. Fukia kiazi kidogo kibichi katikati.
3. Funika, kisha injika kwenye jiko la makaa, nje ya nyumba.
4. Mvuke ukitoka kwa wingi, hesabu dakika 30. Chokoa kiazi; kikiwa laini, epua.

Usizidishe moto, kwani mboji iliyopikwa kupita kiasi hudhuru mizizi. Ipoe kabisa kabla ya kupanda, na uihifadhi kwenye chombo kilichooshwa.