Pepo Zinapokutana

Tazama moshi wa jikoni. Hupanda juu, kwa sababu hewa yenye joto ni nyepesi kuliko hewa baridi. Jambo hilohilo ndilo lituleteapo mvua.

Mwezi wa Machi jua huwa la utosi kwenye Ikweta. Nchi hupata joto jingi na hewa yake hupanda. Hewa nyingine huja kuijaza nafasi hiyo: kutoka kaskazini huvuma Kaskazi, na kutoka kusini huvuma Kusi. Pepo hizo zinapokutana, hewa hupanda juu sana na kupoa. Mvuke uliomo hugeuka matone madogo ya maji. Hayo ndiyo mawingu ya mvua.

Ukanda wa mkutano huo huhama ukilifuata jua. Unapopita kwetu ukielekea kaskazini, twapata masika, Machi hadi Mei. Unaporudi kusini, twapata vuli, Oktoba hadi Desemba. Lakini Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua.

Pepo hazifuati kalenda. Mwaka mwingine ukanda huo huchelewa. Mkulima aliyepanda mbegu zake zote kwa manyunyu ya kwanza aweza kuzipoteza, na jamaa yake ikakosa chakula. Ndiyo sababu ni vema kusikiliza utabiri wa hali ya hewa kabla ya kupanda.

Maswali
1. Kwa nini hewa yenye joto hupanda?
2. Mawingu ya mvua hutokeaje?
3. Chunguza upepo kila asubuhi kwa juma moja. Andika unakotoka.