Ufahamu: Sili na Kifaa cha Shingoni

Soma kifungu cha habari kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Sili ni mamalia wa baharini. Hupumzika na kuzaa ufukweni, lakini chakula chake, hasa samaki, hukitafuta baharini. Kwa miaka mingi wataalamu waliweza kumhesabu akiwa nchi kavu tu. Akishazama, ilikuwa vigumu kujua aendako.

Siku hizi nchini Uingereza, sili hunaswa kwa wavu, hubandikwa kwa gundi kifaa kidogo kwenye manyoya ya shingo, kisha huachiwa. Kila anapoibuka kuvuta pumzi, kifaa hupokea mawimbi ya setilaiti na kunasa mahali alipo. Akikaribia pwani, taarifa hutumwa kwa mtandao wa simu. Manyoya yanapopukutika, kifaa nacho hudondoka.

Taarifa hizo zilihitajika sana katika ghuba ya The Wash, mashariki mwa Uingereza, mitambo ya kufua umeme wa upepo ilipojengwa baharini. Umeme huo ni safi, lakini nguzo za mitambo hupigiliwa kwa nyundo kubwa, na kishindo chake husafiri mbali majini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wakati wa kupigilia nguzo, sili walipungua hadi umbali wa kilometa 25. Hata hivyo, ndani ya saa 2 baada ya kishindo kukoma, walikuwa wametawanyika tena kama kawaida.

Kwa hiyo, mtunga sera halazimiki kuchagua kati ya umeme na sili. Anaweza kudai vipindi vya mapumziko katika ujenzi ili wanyama wapate kula. Lakini asijisahau: kurejea kwao hakuthibitishi kwamba masikio yao yalisalimika.

Maswali
1. Eleza maana ya: (a) anapoibuka (b) kishindo (c) mtunga sera.
2. Kwa nini kuwahesabu sili nchi kavu hakukutosha?
3. Je, mwandishi anataka ujenzi usitishwe? Thibitisha.
4. Fupisha aya ya tatu kwa maneno yasiyozidi 35.

Dondoo kwa mtahiniwa: Katika swali la 3, wengi hupoteza alama kwa kuandika maoni yao wenyewe. Jibu limo katika aya ya mwisho. Litoe kwa maneno yako, usinakili sentensi nzima. Katika swali la 4, usiache tarakimu zinazobeba hoja: kilometa 25 na saa 2.