Mkokoteni wa Punda Ndani ya Tarakilishi

Mwaka huu sikuleta hadithi wala shairi. Nimeleta somo, tena la tarakilishi. Msifunge jarida kwanza! Hesabu zilizomo humu hazizidi zile tulizofanya shule ya msingi. Tena mwishoni mtaona kwamba jambo hili latuhusu sana sisi tunaoishi kando ya mto Tana.

Nianzie hapa hapa Madogo. Sote twawajua wachota maji wetu. Mwenye mtungi mmoja wa lita 20 huteremka mtoni, akajaza, akapanda, akamwaga kwenye pipa, kisha akarudi tena. Akitaka mitungi minane, ni safari nane. Mwenye mkokoteni wa punda naye hupakia mitungi yote minane, akamhimiza punda mara moja tu. Njia ni ile ile na maji ni yale yale, lakini safari ni moja.

Basi prosesa, yaani bongo la tarakilishi, lina njia zote mbili. Amri ya kawaida ya kujumlisha huchukua namba mbili na kutoa jibu moja. Huo ndio mtungi wa mkononi. Amri ya vekta huchukua safu mbili za namba na kutoa safu nzima ya majibu kwa mpigo mmoja. Huo ndio mkokoteni. (Vekta hapa ni namba zilizopanga foleni, si mshale ule wa somo la fizikia.) Simu nyingi tunazoziona mikononi mwa watu zina prosesa za aina ya ARM, zenye amri za vekta ziitwazo NEON. Hizo hubeba namba nne za biti 32 kwa mara moja. Prosesa za Intel zenye amri za AVX, zilizotoka mwaka 2011, hubeba nane.

Sasa nani hupakia mkokoteni? Ni kompaila. Mtu huandika programu kwa lugha kama C au Fortran, na prosesa haiielewi lugha hiyo. Kompaila ndiyo mkalimani. Na mkalimani hodari hatafsiri neno kwa neno, bali hutafuta njia fupi ya kusema jambo lile lile bila kupotosha maana. Frances Allen wa kampuni ya IBM alifanya kazi hiyo ya kuzinoa kompaila kwa miaka mingi, na mwaka wa 2006 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa kabisa ya sayansi ya tarakilishi.

Tuchukue mfano wa darasani. Darasa lina wanafunzi 43. Mwalimu ana alama za karatasi ya kwanza na za karatasi ya pili, na ataka jumla ya kila mmoja. Programu yasema: "Kwa kila mwanafunzi, jumlisha." Huo twauita mzunguko. Kompaila yaona kwamba jumla ya mmoja haitegemei jumla ya mwingine, kwa hiyo yaweza kuwapakia wanne wanne. Safari 10 zabeba wanafunzi 40. Watatu waliobaki wabebwa mmoja mmoja. Safari 43 zimekuwa 13.

Kisha mwalimu ataka wastani, yaani kila jumla igawanywe kwa mbili. Kompaila isiyo hodari itaandika jumla zote 43 kwenye kumbukumbu, irudi mwanzo, izisome tena na kuzigawanya. Ni kama mtu aliyepeleka maji nyumbani, akayamwaga kwenye pipa, halafu akayateka tena ili ayachuje. Kompaila hodari huunganisha mizunguko miwili kuwa mmoja: jumlisha, gawanya hapo hapo, andika jibu. Hili ni jambo kubwa, maana mara nyingi kinachoichelewesha tarakilishi si hesabu yenyewe, ni kule kwenda na kurudi kwenye kumbukumbu.

Mtauliza, kama mkokoteni ni mzuri hivyo, mbona kompaila haiutumii kila mara? Nami niliuliza hivyo hivyo. Kumbe ina sababu, na kila sababu ni ya haki.

Kwanza, kutegemeana. Tazama daftari la duka. Deni la leo ni deni la jana ukiongeza ulichokopa leo. La kesho lataka la leo. Huwezi kuandika deni la siku nne kwa mpigo kama vile darasani, kwa sababu kila mstari wamngoja ulio juu yake. Kompaila ikiona hivyo, hurudi kwenye mtungi wa mkononi.

Pili, mpangilio. Mitungi iliyopangwa mstari mmoja hupakiwa haraka. Iliyotawanyika, mmoja mtoni, mmoja sokoni, mmoja kwa jirani, kuikusanya tu kwachukua muda kuliko kuibeba. Namba nazo zataka kukaa jirani kwenye kumbukumbu. Lugha ya C hupanga jedwali mstari kwa mstari, na Fortran hulipanga safu wima kwa safu wima. Mwandishi wa programu akitembea kinyume cha mpangilio wa lugha yake, asimlaumu punda.

Tatu, majina mawili kwa chombo kimoja. Katika C, orodha mbili zenye majina tofauti zaweza kuwa zinaonyesha mahali pamoja pa kumbukumbu. Ukiandika kwenye hii, yaharibika ile. Kompaila haiwezi kubahatisha, kwa hiyo mara nyingi hutia ukaguzi kwanza, au huacha kabisa. Fortran imeweka sheria ya kumkataza mwandishi kufanya hivyo katika hali nyingi, ndiyo sababu kompaila yake hupakia bila hofu nyingi. Tangu mwaka 1999, mwandishi wa C naye anaweza kutoa ahadi kwa neno "restrict" kwamba orodha zake hazigusani.

Nne, kukadiria. Tuseme tarakilishi yetu hushika tarakimu tatu tu. Jumlisha 100 na 0.4, wapata 100.4, ambayo yaandikwa 100. Ongeza 0.4 tena, bado ni 100. Lakini ukianza na 0.4 na 0.4, wapata 0.8, ukiongeza 100 ni 100.8, ambayo yaandikwa 101. Namba ni zile zile, mpango ndio uliobadilika! Tarakilishi halisi hushika tarakimu nyingi zaidi, lakini tabia ni hiyo hiyo. Kupakia jumla ndefu kwenye mkokoteni hubadili mpango wa kujumlisha, kwa hiyo kompaila kama GCC haifanyi hivyo kwa namba za desimali mpaka mwandishi aipe ruhusa.

Sasa nirudi mtoni kama nilivyoahidi. Tana huanza mbali, huko Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Mvua hunyesha kule, hapa jua limewaka, na bado mto hujaa. Mwishoni mwa Aprili 2024, nikiwa kidato cha kwanza, maji yalikata barabara ya Garissa, na mashua iliyojaa watu ikapinduka Kona Punda. Wako waliookolewa na wako waliokufa. Sitalieleza zaidi, maana wengi wenu mlikuwako.

Jambo la kwanza analohitaji mtu wa bondeni ni kujua mapema. Na utabiri wa mvua ni hesabu. Anga hugawanywa masanduku mengi sana, kila sanduku na joto lake, upepo wake na unyevu wake. Kisha hesabu ile ile hufanywa kwa kila sanduku, dakika kwa dakika. Mwaka wa 1950, wataalamu Marekani walitumia tarakilishi iitwayo ENIAC kutabiri hali ya saa 24 zijazo. Kazi iliwachukua saa 24 hivi. Ama kweli, utabiri wa kesho uliotoka kesho! Lilikuwa jambo kubwa la sayansi, lakini mwenye shamba lililo kando ya mto angeusoma miguu ikiwa tayari majini.

Vekta zilisaidia sana kuipata mbio ile. Mwaka 1976 ilitoka tarakilishi ya Cray-1, yenye vyumba vya kubebea namba 64 kwa amri moja. Kituo cha Ulaya cha utabiri, kule Reading, Uingereza, kilianza kutoa utabiri wake mwaka 1979 kwa kutumia Cray-1. Siku hizi, kituo cha ICPAC hutumia programu ya WRF, ambayo sehemu yake kubwa imeandikwa kwa Fortran.

Hebu sasa tujiulize: sanduku la anga huathiriwa na majirani zake. Je, si kutegemeana kule kwa daftari la duka? La. Katika sehemu nyingi za hesabu hiyo, kila sanduku husoma hali ya majirani ya hatua iliyopita, na jibu jipya huandikwa kwenye orodha nyingine. Hakuna anayemngoja mwenzake, kwa hiyo mkokoteni wapakiwa. Huo si ujanja wa kompaila peke yake. Mwandishi alipanga hesabu zake vizuri, kompaila ikaona njia i wazi. Vekta haizuii mto kujaa, lakini saa zinazookolewa pale ni saa za mama kuhamisha watoto na mbuzi.

Maswali ya kujipima:

1. Darasa lina wanafunzi 30, na mkokoteni hubeba wanane. Wanaobaki hubebwa mmoja mmoja. Ni safari ngapi kwa jumla?

2. Ipi yaweza kupakiwa: kugeuza vipimo 500 vya joto kutoka Farenhaiti kuwa Selsiasi, au kuandika deni la duka la kila siku? Toa sababu.

3. Kwa nini kompaila ya C huogopa orodha mbili zenye majina tofauti?

Majibu yatabandikwa kwenye ubao wa chama chetu. Atakayepata yote, nitamtafutia tende. Kwaherini, tukutane mwakani Mungu akipenda.

Wenu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu.