Sasisho Lisubiri Ruhusa Yako: Kwa Wasomaji wa Njisi

Msomaji wa Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, hapa Njisi hununua bando, huwasha hotspoti ya simu, hupakua kitabu na kuendelea na shughuli zake. Hotspoti ikisahauliwa, kifaa hakilali. Kwake hiyo ni Wi-Fi kama nyingine yoyote, na waliokitengeneza walidhania Wi-Fi haina kikomo, hivyo huvuta sasisho la programu, wakati mwingine la mamia ya MB, pasipo kuuliza. Bando la wiki laweza kukatika usiku mmoja. Jirani na mpaka wa Kasumulu kuna hatari nyingine: simu iliyoruhusiwa kutumia data nje ya nchi inaweza kudaka mnara wa Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, kwa gharama isiyofanana na ya nyumbani. Ndiyo maana tunashikilia kwamba saa ya kusasisha iamuliwe na anayelipa.

Kindle haina swichi ya kukataa masasisho, kasoro ambayo kwa maoni yetu haistahili kuvumiliwa kimya. Kinachobaki ni kukata mawasiliano: kitabu kikishashuka, washa hali ya ndege na uiache hivyo, kwani vitabu vilivyomo husomeka bila intaneti. Walimu waliopewa vishikwambi baada ya Sensa ya Agosti 2022 wana nafuu, maana ndani ya Play Store upo mpangilio wa kuzuia programu zisijisasishe.

Watakuwepo watakaosema kwamba kuzuia masasisho ni kuwaachia wahalifu mlango wazi. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu masasisho huziba mianya ya usalama, na anayekaa miaka bila kusasisha anaweza kujikuta amefungiwa nje. Mwaka 2016 Amazon iliwataka wenye Kindle nyingi za 2012 na za kabla yake wasasishe kufikia Machi 22. Za waliochelewa hazikuweza tena kufikia duka lake mpaka zisasishwe kwa waya wa USB. Lakini tunachopendekeza ni kuahirisha, wala si kukataa. Chagua siku yenye umeme wa uhakika, chaji betri kwanza, kisha utumie Wi-Fi isiyokula bando lako. Shule yenye Kindle kadhaa ipitie njia ya waya: faili la sasisho hupatikana kwenye tovuti ya Amazon, na likipakuliwa mara moja tu kwenye kompyuta linatosha Kindle zote za toleo hilo.