Mitambo ya Vali na Wanaredio wa Ridhaa

Katika jaribio la Fizikia la mwezi wa Februari nilipata alama mbili kati ya kumi katika swali la elektroni zinazotoka kwenye chuma cha moto. Maana ya jambo hilo nilikuwa nimeiandika sawasawa, neno kwa neno, kwa Kiingereza kama ilivyo kitabuni. Lakini swali liliendelea kuuliza kwa nini bamba lililomo ndani ya chupa ni lazima liwe na umeme chanya, na kwa nini hewa huondolewa. Hapo sikuwa na la kuandika. Mwalimu wetu aliandika pembeni kwa wino mwekundu, "Umekariri."

Nilimwendea nikamwambia, "Mwalimu, chombo chenyewe kimepitwa na wakati. Siku hizi kuna transista. Ya nini kujifunza kitu kilichokufa?" Hakunijibu swali langu. Alisema tu, "Jumamosi saa tano uje chumba cha kompyuta, uje na wenzako watatu."

Niliyojifunza tangu Jumamosi hiyo yaweza kuwafaa wenzangu wa Kidato cha Tatu na cha Nne, na hata wazazi wenye redio kuukuu nyumbani. Kwa hiyo nimeona vema niyaandike humu.

Tuliyoyasikia

Mwalimu alifungua kwa njia ya intaneti kipokezi kilichoko Chuo Kikuu cha Twente, katika mji wa Enschede, Uholanzi. Kipokezi hicho ni cha watu wote. Mtu aliye huku kwetu aweza kukizungusha kama redio yake mwenyewe, na kioo cha kompyuta humwonyesha picha ya mawimbi yanayoingia. Alikipeleka kwenye masafa ya kilohezi 3615, nasi tukasikia wazee wa Kiingereza wakizungumza kwa zamu. Hawakuwa wakisoma habari wala kupiga muziki. Mmoja alieleza jinsi alivyobadili transfoma ya mtambo wake. Mwingine akamjibu kwamba sauti yake sasa imekuwa nene na safi kuliko juma lililopita.

Mwalimu alitueleza kwamba hao ni wanaredio wa ridhaa. Neno ridhaa twalijua katika ndondi na kandanda: ni mtu achezaye bila kulipwa. Mwanaredio wa ridhaa hufanya mtihani, hupewa leseni na alama yake ya kujitambulisha, kisha huruhusiwa kurusha mawimbi, lakini si kwa biashara. Kanuni za mataifa zasema kazi yao ni kujifundisha wenyewe, kuwasiliana, na kuchunguza mambo ya redio. Alama za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, za Uganda 5X, na nyingi za Uingereza huanza na G au M. Wale tuliowasikia hupenda mitambo ya zamani ya vali, na wana chama chao kiitwacho VMARS, ambacho watu wake hukutana hewani Jumamosi asubuhi.

Vali ni kitu gani

Wengi wetu hatujapata kuishika vali. Ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake mna kathodi, ambayo hupashwa moto mpaka elektroni zikaanza kuruka kutoka juu yake, kama mvuke utokavyo katika sufuria. Kando yake mna bamba liitwalo anodi. Elektroni ni hasi. Basi bamba likiwa chanya huzivuta, na mkondo hupita. Bamba likiwa hasi huzifukuza, na mkondo hukoma. Chombo hiki kilibuniwa na John Ambrose Fleming wa Uingereza mwaka 1904. Akakiita vali, maana kama vali ya gurudumu la baiskeli hupitisha upande mmoja tu.

Na hewa huondolewa kwa sababu mbili: isiunguze kitu chenye moto kilichomo ndani, na isizigonge elektroni njiani. Hilo ndilo jibu nililolikosa katika jaribio.

Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani aliweka waya mwembamba katikati ya kathodi na bamba. Baadaye ukafanywa kama wavu, na ndio uitwao gridi. Umeme mdogo sana ukitiwa katika wavu huo huongeza au hupunguza mkondo mkubwa unaokwenda kwenye bamba. Ni kama mtoto mdogo awezavyo, kwa vidole viwili, kufungua na kufunga bomba la maji ya shule nzima. Kwa njia hiyo sauti ndogo ya kipaza sauti yaweza kutawala nguvu kubwa.

Jinsi sauti inavyopanda juu ya wimbi

Kilohezi 3615 maana yake wimbi hutetemeka mara 3,615,000 kwa sekunde moja. Hilo twaweza kuliita wimbi la kubeba. Katika njia ya AM, sauti ya msemaji hulifanya wimbi hilo liwe na nguvu zaidi au kidogo, likifuata sauti inavyopanda na kushuka.

Sasa lipo jambo ambalo sikulitazamia. Nikipiga mluzi wa mitetemo 1,000 kwa sekunde, yatatokea mawimbi mawili mapya: moja juu ya lile la kubeba, katika kilohezi 3616, na jingine chini yake, katika kilohezi 3614. Twaweza kuyaita mabawa. Mabawa haya tuliyaona kwa macho. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na mstari mmoja mkali katikati, usiotikisika, na kila mzee aliposema, pande zake mbili zilitokea alama zinazofanana kama sura na kivuli chake majini. Aliponyamaza, mabawa yalitoweka, mstari ukabaki peke yake.

Kwa nini wengi waliiacha AM

Mwalimu alituandikia hesabu ubaoni. Tuseme wimbi la kubeba lina nguvu ya wati 100. Likitiwa sauti ya mluzi mmoja kwa ukamilifu, nguvu yote huwa wati 150. Katika hizo, 100 zimebaki katika wimbi la kubeba, na kila bawa limepata 25. Lakini wimbi la kubeba halichukui neno hata moja. Maneno yote yamo katika mabawa, tena bawa moja larudia yale yale yaliyomo katika jingine. Kwa hiyo, katika wati 150, ni 25 tu zingetosha kufikisha ujumbe.

Ndiyo sababu katika miaka ya 1950 na 1960 wanaredio wengi wa ridhaa waliihama AM, wakashika njia ya bawa moja, ambayo huondoa wimbi la kubeba na bawa la pili. Nguvu haipotei, na nafasi inayotumika hewani ni nusu tu. Mwalimu alizungusha kipokezi mahali pengine, nasi tukaona bawa moja peke yake bila mstari wa katikati.

Nilifurahi sana, maana niliona hoja yangu imeshinda. Nikasema, "Mwalimu, basi wazee wale wanapoteza umeme bure." Akanijibu, "Hesabu yako ni sawa. Sasa tafuta kwa nini watu wanaoijua hesabu hiyo kukushinda wewe bado wanafanya hivyo."

Kwa nini wengine hawakuiacha

Nilisoma kwa majuma matatu, zaidi habari za Marekani, ambako wapenzi wa AM ni wengi na mara nyingi hukutana kwenye kilohezi 3885. Miaka ya 1950 mtu wa huko aliweza kununua mtambo mzima vipande vipande, akaunganisha mwenyewe mezani kwake. Kampuni ya Heath ya Benton Harbor, Michigan, iliuza hivyo mtambo uitwao DX-100, wenye uzito wa zaidi ya kilo 40, nao ulitumia vali mbili za namna ya 6146 kurushia mawimbi. Kila vali ya namna hiyo hutumia volti 6.3 na ampea 1.25 kwa kupasha moto tu, yaani karibu wati 8, kabla mtu hajatamka neno. Kampuni ya E. F. Johnson ya Waseca, Minnesota, ilitengeneza mitambo iliyoitwa Viking. Wengine wamechukua mitambo iliyostaafu katika vituo vya matangazo, mikubwa kama kabati la nguo, wakaigeuza itumike katika masafa ya ridhaa.

Hata wao hawana ruhusa ya kutumia nguvu wapendavyo. Sheria ya Marekani huwawekea mpaka wa wati 1,500 kwenye kilele cha wimbi. Sauti ikifika ukamilifu wake, volti za wimbi huwa mara mbili, na nguvu huwa mara nne. Basi gawanya 1,500 kwa 4, utaona kwamba wimbi la kubeba lisizidi wati 375. Hesabu hii niliifanya mwenyewe, nikaionyesha kwa Mwalimu.

Sababu za kuipenda AM nimezipata tatu. Kwanza ni sauti. Katika njia ya bawa moja, mpokeaji akikosea masafa kidogo, msemaji husikika kama bata. Katika AM wimbi la kubeba huja pamoja na sauti, na sauti hubaki ya mtu. Hilo tulilijaribu kwenye kipokezi na ni kweli. Pili, mtambo wa vali waweza kutengenezwa kwa mkono, maana kila kipande ni kikubwa na hushikika. Tatu, kazi yake huonekana. Baadhi ya mitambo ina vali zenye mvuke wa zebaki, ambazo hutoa mwanga wa buluu, na mwanga huo huchezacheza msemaji anaposema. Transista hufanya kazi nyingi kuliko vali, lakini haimwonyeshi mtu kitu.

Hatari iliyomo

Wakati wa likizo fupi nilikwenda kwa babu, ambaye ana redio ya vali iliyonyamaza tangu sijazaliwa. Mjomba wangu ni fundi wa redio, akakubali tuifungue. Tulipoiunga kwenye umeme, vali moja tu iliwaka, ile inayogeuza umeme uwe wa mwelekeo mmoja. Nyingine zote zilibaki baridi. Tukaichomoa. Nami, kwa kuwa nimeona waya umetoka ukutani, nikapeleka mkono ndani.

Mjomba alinidaka kifundo cha mkono kwa nguvu hata kikauma. Hakusema neno. Alichukua bisibisi yenye mpini wa plastiki, akagusisha ncha za kapasita kwenye chuma cha redio. Pakalia mlio kama fataki, na cheche ikaruka. Ndipo akasema, "Mpwa wangu, huo ungepita kifuani mwako."

Nilikaa chini nikafikiri, na kwa mara ya kwanza nikaielewa vali. Ile moja iliyowaka ilikuwa imeijaza kapasita umeme wa mamia ya volti. Zile nyingine, kwa kuwa zilikuwa baridi, hazikutoa elektroni. Basi umeme haukuwa na njia ya kutokea. Kuchomoa waya ukutani hakukusaidia kitu. Jibu nililokariri Februari ndilo lililotaka kuniua Aprili.

Mitambo ya kurushia ni hatari zaidi, maana mingine ina volti elfu mbili au tatu. Kwa hiyo wenye kuitumia wana desturi zao: huchomoa umeme, hungoja, kisha hugusisha kapasita kwenye chuma kwa fimbo maalumu yenye waya uliounganishwa ardhini, huweka mkono mmoja mfukoni wakipima, wala hawafanyi kazi peke yao. Nawaomba wazazi wasiwaache watoto kufungua redio au televisheni kuukuu bila fundi, hata kama imechomolewa.

Mjomba aliunga waya uliokatika, akabadili kapasita mbili. Usiku ule vali zote ziliwaka rangi ya makaa, na baada ya kama nusu dakika tukasikia mtu akisoma kwa Kiarabu kutoka mbali. Babu hakuelewa neno, lakini alivuta kiti karibu, akaanza kuuzungusha mshale mwenyewe.

Mwisho

Tuliporudi shuleni Mwalimu aliniuliza tena kama vali imekufa. Nilimjibu kwamba kwa kupeleka ujumbe mbali kwa umeme mdogo, AM ya vali imeshindwa, na hesabu yaonyesha hivyo. Wazee wale nao wanajua. Lakini leseni yao ni ya kujifunza, na kwa kujifunza sijaona chombo kinachoonyesha mambo yake waziwazi kama hicho. Swali lile la elektroni lilirudi katika mtihani wa mwisho wa muhula, nami nikalijibu lote bila kukariri.

Redio ya babu bado yalia. Klabu yetu ya Fizikia yakutana Jumamosi saa tano chumba cha kompyuta, na yeyote apendaye kusikiliza nasi anakaribishwa.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne