Shira ya Chapati za Maji: Somo kutoka Pugu

Katika toleo hili tunaleta somo la jikoni. Limetokana na kikundi chetu cha akina mama huku Pugu, ambao hupika chapati za maji asubuhi na kuziuza karibu na Kajiungeni. Wateja walianza kuuliza kama kuna kitu cha kumiminia juu. Asali ni ghali, na chupa za sharubati nzito za madukani zinazotoka nje ya nchi ni ghali zaidi. Ile halisi ya mti wa maple, itokayo Kanada na Marekani, huhitaji takribani lita 40 za utomvu kupata lita moja, kwa hiyo bei yake haishangazi. Nyingi ya zile za bei nafuu si utomvu wa mti, ni sukari ya mahindi iliyotiwa rangi na harufu.

Lakini sisi watu wa pwani tuna shira. Kila anayepika kaimati au visheti anaijua. Tofauti ni kwamba shira ya kaimati hupikwa nzito ili igande juu ya donge, na ya chapati inapaswa kumiminika hata ikipoa.

Mahitaji ni sukari kilo moja, maji nusu lita, limao moja na punje sita au saba za iliki zilizopondwa. Mimina sukari na maji kwenye sufuria, bandika kwenye moto wa wastani, koroga mpaka sukari iyeyuke yote. Hapo weka mwiko pembeni. Shira inayokorogwa baada ya kuchemka hurudi kuwa chembechembe, na punje zilizoganda ukingoni mwa sufuria zikianguka ndani hufanya vivyo hivyo; zifute kwa kitambaa safi chenye maji. Kamulia vijiko viwili vya chai vya maji ya limao, tia iliki, acha ichemke polepole dakika 8 hadi 10. Utapata karibu lita moja.

Kazi ya limao si ladha tu. Uchachu wake, pamoja na moto, huvunja sehemu ya sukari kuwa sukari za aina mbili nyepesi zaidi, zile zile zilizomo kwenye asali, nazo huzuia shira isigande chupani. Bibi zetu walikuwa wakitia ndimu bila kuhitaji maelezo haya.

Kuijua kama imeiva, dondosha tone kwenye sahani baridi, subiri lipoe, ligusie kidole na kidole gumba, kisha achanisha. Likivuta uzi mfupi unaokatika upesi, epua. Uzi mrefu ni wa kaimati. Usijaribu kamwe kwa kugusa ya sufuriani, kwani sukari inayochemka ina joto kupita maji na hung'ang'ania ngozi. Watoto wakae mbali.

Anayetaka rangi ya hudhurungi na ladha nzito abadilishe robo ya sukari kwa sukari guru, kisha achuje. Maganda ya chungwa, tangawizi au kijiti cha mdalasini pia hufaa. Binafsi naona ya tangawizi inashinda zote, hasa asubuhi za baridi hapa kilimani.

Sasa niseme hasara tuliyopata. Mara ya pili tulitaka kuongeza wingi, tukatia lita moja ya maji kwa kilo moja ya sukari na kuchemsha kidogo tu. Ilionekana nzuri na ilijaza chupa nyingi. Siku chache baadaye, kwa joto letu hili, ilianza kutoa povu na vifuniko vikaruka. Kilo tano za sukari ya kikundi tukazimwaga. Shira haihifadhiwi na kitu kingine isipokuwa uzito wake: sukari ikiwa nyingi hushika maji, na vijidudu havipati ya kutumia. Ukiizimua, umevikaribisha. Kwa sababu hiyo hiyo ile ya kutiwa juisi ya nanasi au embe tunaipika ya kuliwa siku hiyo hiyo.

Chupa ziwe za kioo, zichemshwe, zikaushwe kabisa, na shira imiminwe ingali moto huku chupa nazo zikiwa na joto, zisije zikapasuka. Chupa za maji ya kunywa hujikunja kwa joto, msizitumie.

Kuhusu hesabu, tuchukue mfano. Sukari 3,000, limao 200, iliki 300, mkaa 500. Jumla shilingi 4,000 kwa lita. Chapati moja ikipata vijiko viwili vya mezani, lita inatosha chapati 33, yaani kama shilingi 120 kila moja. Kwa kuuza, robo lita ni 1,000, chupa 500, ukiuza 2,000 unabaki na 500. Sasa sukari ipande ifike 4,500, faida inashuka hadi 125. Si jambo la kufikirika. Mwanzoni mwa mwaka 2024, baada ya mvua za El Niño kukwamisha uvunaji wa miwa viwandani, kilo ilipita shilingi 4,000 sehemu nyingi. Sisi tuliendelea na bei ya zamani kwa kuwaonea haya wateja, tukala mtaji. Kamati za parokia zinazosimamia vikundi kama hivi ziombe daftari lenye bei ya sukari ya kila wiki, na wafadhili wetu nao wana haki ya kuliona.

Chakula cha kufungwa na kuuzwa madukani kiko chini ya TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula badala ya TFDA. SIDO hutoa mafunzo ya usindikaji kwa wajasiriamali wadogo. Mpaka taratibu hizo zikamilike, akina mama wa Pugu wanamimina shira pale pale mezani kwa chapati wanazouza, kijiko kimoja bure, cha pili kwa malipo. Mwenye kisukari huulizwa kwanza.